Saa ya kinyozi iliyosomwa kwenye kioo

Saluni ilikuwa Mwanga, hapa Kigoma, nyembamba kama behewa: kiti kimoja, kioo kirefu mbele, ukuta nyuma. Saa ilitundikwa kwenye ukuta huo wa nyuma, kwa hiyo kila aliyetaka kujua muda aligeuza shingo wembe ukiwa sikioni. Juni 2014 kinyozi akaja na saa yake kwapani, ya plastiki, duara, ya betri moja ya AA.

"Fundi, nataka mtu aisome humohumo kwenye kioo. Asigeuke."

Saa za namna hiyo zipo katika saluni za kunyoa za nchi nyingine tangu zamani. Kioo hubadilisha kushoto kuwa kulia, hivyo saa ya kusomwa kiooni lazima iwe na namba zilizogeuzwa na mishale inayozunguka kinyume. Namba ni kazi ya kompyuta ya steshenari. Mishale ndiyo kazi ya fundi, na hapo ndipo wengi wanapoteleza.

Wapo wanaogeuza betri. Mashine haiendi kabisa. Wapo wanaoijua kazi nusu, wanachomoa nyaya mbili za koili, ule waya mwembamba uliozungushwa mara nyingi ndani ya mashine, na kuzibadilishana nafasi kwa lehemu. Saa inaendelea kwenda mbele kama haijaguswa, kwa sababu umeme wa koili hugeuka upande kila sekunde: sekunde hii huku, sekunde inayofuata kule. Ukibadilisha nyaya umebadilisha nani aanze, basi.

Anayeamua upande ni tundu. Ndani ya mashine mna bati la chuma lenye tundu, na ndani ya tundu inakaa sumaku ndogo iliyoshikana na gia ya plastiki. Tundu hilo si duara kamili. Lina vipengele viwili vilivyokatwa pembeni, na hivyo ndivyo vinavyoifanya sumaku ipumzike ikiwa imeinamia upande mmoja. Mpigo wa umeme ukija, sumaku inageuka nusu mzunguko kufuata upande huo, haina hiari. Ukilipindua bati, mgongo ukawa tumbo, mwinamo unahamia upande wa pili na saa yote inarudi nyuma. Mota hii aliibuni Mfaransa Marius Lavet mwaka 1936, na hadi leo ndiyo inayosukuma karibu kila saa ya ukutani ya bei poa sokoni. Nusu mzunguko kwa sekunde ni mizunguko 30 kwa dakika. Gia zinaipunguza hadi mzunguko 1 wa mshale wa sekunde. Gia zenyewe hazijali zinazungushwa upande gani.

Nilitoa betri kwanza, kisha mishale: wa sekunde, wa dakika, wa saa, kila mmoja ukivutwa wima kwa vidole. Ukiuinua mshale kwa bisibisi upande mmoja, mhimili unapinda, na saa itasimama mahali palepale kila siku bila wewe kujua kwa nini. Halafu nati ya shaba, halafu mfuniko wa nyuma, ambao hushikwa na vishikio vitatu au vinne vya plastiki. Kabla ya kugusa gia yoyote nilipiga picha kwa simu. Gia za mashine hizi zinafanana, na ukikosea mpangilio mfuniko utafunga vizuri tu, ila saa haitakwenda.

Kosa langu lilikuja kwenye sumaku. Niliishika kwa kibano cha chuma. Ikarukia kibano, ikakiachia, ikaangukia mezani ambako asubuhi nilikuwa nimepiga tupa funguo, ikabeba chembe za chuma. Chembe moja tu ikiingia kwenye lile tundu, sumaku inakwama. Kuifuta kwa kitambaa hakusaidii, chembe zinahama tu upande. Dawa ni selotepu: unabandika, unabandua, mara tano sita, hadi gundi ibaki safi. Tangu siku hiyo nashika sumaku kwa kijiti cha mwanzi.

Bati lilipopinduliwa halikukaa, kwa kuwa vipini vya plastiki vilitengenezwa kwa upande mmoja. Nikachonga kimoja kwa wembe. Nikafunga, nikaweka betri, mshale wa sekunde ukaanza kurudi nyuma tiki kwa tiki, kimya na bila aibu.

Mishale ilirudishwa yote ikiwa kwenye 12, kwanza wa saa, kisha wa dakika, mwisho wa sekunde, nikahakikisha haigusani inapopishana. Jambo moja la kukumbuka kwa saa kama hii: betri ikichoka, mshale wa sekunde hutetemeka mahali pamoja bila kusonga, upande ule ambao mshale unapanda mlima. Kwenye saa ya kawaida ni kushoto, karibu na 9. Kwenye hii ni kulia. Kiooni, bila shaka, ni kushoto tena.

Sasa uso wa saa. Kinyozi aliomba na kitu cha ziada: namba ziwe za Kiswahili. Yaani 1 ikae penye 7, 3 ikae penye 9, 12 iende chini penye 6. Niliona ni wazo zuri. Tukachapa duara la sentimita 20, linaloenea kwenye karatasi ya A4, tukaligeuza kwenye kompyuta, nikalibandika kwa gundi ya fimbo maana gundi ya maji hukunja karatasi.

Lilidumu siku mbili. Saa tatu asubuhi mteja mmoja alitazama kioo, akaona mshale mfupi uko mahali pake pa siku zote, akasema saa tatu. Wa pili, aliyekaa benchi, akaona namba 3, akaigeuza kichwani kama alivyozoea kugeuza namba zote tangu shule ya msingi, akasema saa tisa. Wakabishana hadi kinyozi akazima mashine. Nilikuwa nimesahau jambo ambalo fundi saa wa nchi hii hapaswi kulisahau: sisi hatusomi namba. Tunasoma mahali mshale ulipo, na namba tumeshaizoea kwamba inasema kingine. Ukiirekebisha unamvuruga mtu. Nikachapa uso wa pili wenye namba za kawaida zilizogeuzwa, ubishi ukaisha.

Ukabaki ubishi wa mzee mmoja aliyekuwa akija kunyoa ndevu. Yeye alisema saa inayorudi nyuma ni mkosi, muda hauendi hivyo. Jumamosi tarehe 21 nikasimika nyuma ya saluni kijiti chenye mita 1 juu ya ardhi, nikimwekea jiwe kwenye ncha ya kivuli kila baada ya nusu saa. Asubuhi kivuli kilielekea magharibi, mchana kusini, jioni mashariki. Ukifuata mawe ni kinyume cha mwendo wa saa, sawasawa na ile ya ukutani.

"Kwa hiyo saa zetu nyingine zote ndizo zinazokosea, kijana?" akauliza.

Hazikosei, zimeiga kivuli cha kwao. Saa za mishale zilizaliwa kaskazini mwa dunia, ambako jua hupita upande wa kusini na kivuli huzunguka upande ambao leo tunauita mwendo wa saa. Kigoma iko karibu nyuzi 5 kusini mwa ikweta, kwa hiyo tuna vyote viwili: kuanzia mwanzoni mwa Machi hadi mwanzoni mwa Oktoba jua la mchana liko kaskazini mwetu na kivuli kinarudi nyuma, miezi iliyobaki kinakwenda kama saa ya dukani. Juma lililofuata tukasikia kwamba Bolivia wamegeuza saa ya jengo la bunge lao huko La Paz izunguke kinyume, kwa hoja hiyohiyo ya kuwa wao ni watu wa kusini. Mzee alifurahi kuliko kinyozi.

Mawe yalituonyesha na jambo jingine. Kivuli kilikuwa kifupi kuliko vyote, sentimita 54 hivi, si saa sita bali saa saba na dakika chache. Saa ya Tanzania imepangwa kwa mstari wa longitudo wa nyuzi 45 mashariki, na Kigoma iko kwenye nyuzi 29 na nusu na ushee. Kila nyuzi 1 ni dakika 4, hivyo jua letu limechelewa kwa saa nzima na dakika moja na kitu. Ndiyo maana Juni hapa saa moja asubuhi bado jua halijachomoza, wakati Dar es Salaam watu wameshaota joto. Wafanyabiashara wanaovuka ziwa kutoka Kalemie, upande wa Kongo, ambao saa zao ziko nyuma ya zetu kwa saa 1, wako karibu na jua letu kuliko sisi wenyewe.

Kinyozi alibandika karatasi chini ya saa: SOMA KWENYE KIOO. Haikumsaidia dada wa maandazi, aliyekuwa akichungulia mlangoni bila kuingia na kuona ukuta moja kwa moja. Siku ya kwanza saa tatu aliiona saa tisa, akakimbia kufunga biashara. Nikamweleza kwamba ukutani na kiooni ukijumlisha unapata 12 daima: ukiona saa tisa ni saa tatu, ukiona saa nane ni saa nne. Baada ya wiki alikuwa anatoa kwenye 12 kwa kasi kuliko mwenye saluni anavyotazama kioo. Saa sita na saa kumi na mbili ndizo pekee alizosoma bila kutoa chochote.