Siku moja maishani mwangu: mwandishi wa programu Mbeya

Saa 12 asubuhi niko Uyole nasubiri daladala, koti mwilini, kompyuta mgongoni. Majirani wanajua nafanya "kazi ya kompyuta", na wengi hudhani ni kuchapa barua na kutoa kopi. Mimi naandika na kurekebisha programu za maduka: stoo, risiti, madeni ya wateja.

Saa 2 nafungua ofisi, najibu meseji, namaliza ripoti ya duka la vipuri. Saa 4 anapiga mama mwenye duka la pembejeo, Mwanjelwa: "Fundi, njoo sasa hivi. Programu inauza mbolea ambayo mteja hajaomba!"

Ni msimu wa kupandia, foleni imefika barazani. Namwamkia mama, dada wa kaunta ananionyesha. Programu hii niliirithi, imeandikwa kwa Python, lugha ya kuandikia programu, na Tkinter, sehemu yake ya kutengenezea madirisha na vitufe. Ukibofya bidhaa mara moja, inaingia kwenye risiti. Ukibofya mara mbili, linafunguka dirisha la kubadili bei. Dada anabofya DAP, mbolea ya kupandia, mara mbili. Dirisha la bei linafunguka, na nyuma yake mfuko mmoja umeshaingia kwenye risiti.

Mbofyo wa kwanza ukifika, kompyuta haiwezi kujua kama wa pili unakuja. Inatekeleza wa kwanza palepale, kisha wa pili ukifuata haraka inatekeleza na amri ya mara mbili. Dawa iliyozoeleka ni taima: mbofyo wa kwanza unasubirishwa, na wa pili ukija, ule wa kwanza unafutwa.

Nikaweka milisekunde 300. Kwa mkono wangu, safi. Dada kachoka tangu asubuhi, anabofya taratibu: taima inakwisha, mfuko unaingia, na Tkinter, ambayo huhesabu mibofyo hadi milisekunde 500, inafungua dirisha la bei vilevile. Nikapandisha hadi 550. Mfuko wa ziada ukatoweka, lakini sasa kila bidhaa inachelewa zaidi ya nusu sekunde. Dada anadhani mausi haijashika, anabofya tena, dirisha la bei hilo. Wakulima wananung'unika, mzee mmoja anasema basi la Chunya litamwacha, mama yuko begani kwangu: "Bado tu, mwanangu?"

Chakula cha mchana sikukiona.

Nikamwambia mama kwamba taima haitatibu hili, tubadilishe kazi ya mbofyo wenyewe. Akagoma, wasichana wake wamezoea. Nikamwonyesha mafaili kwenye Windows yake: mbofyo mmoja unachagua, mara mbili unafungua. Kuchagua hakuharibu kitu, kwa hiyo mbofyo wa kwanza ukitangulia hakuna hasara. Akatazama, akasema, "Haya, fanya."

Sasa mbofyo mmoja unachagua mstari tu, mara mbili unaingiza kwenye risiti, bei ina kitufe chake pembeni. Dada akajaribu kwa haraka, akabofya mara tatu, ikaingia mifuko miwili! Tkinter ilirudia amri ya mara mbili kwenye mbofyo wa tatu, nikaupa mbofyo wa tatu amri yake isiyofanya lolote. Hapo ikatulia.

Duka limefungwa, macho yanawasha, na bado tunapitia risiti za leo moja moja kutoa mifuko hewa ili stoo ilingane. Mama ananilipa, kisha anauliza kama kitufe cha bei kinaweza kuwekwa nywila. Kinaweza, nitaiweka kesho kabla hajafungua.