Julai nyasi zinataka jua, si mbolea

Julai ndiyo mwezi simu yangu hailali. Karibu kila anayepiga ana lalamiko lilelile: nyasi zimekwama. Hazikui, rangi imefifia, na chini ya miti zimekonda hadi udongo unaonekana. Kabla sijafika getini, mara nyingi mwenye nyumba ameshamwaga CAN, ile mbolea ya nitrojeni ya dukani. Nafanya kazi ya bustani pande za Lavington, Kileleshwa na Kabete, na ninaomba watu wa Nairobi wanisikilize kwa hili: wakati huu wa baridi nyasi zenu zinakosa jua, na hakuna gunia la mbolea linaloweza kulipa deni hilo.

Sisi tuko karibu mno na ikweta. Mchana wa Julai na wa Januari umetofautiana kwa dakika chache tu. Kinachobadilika ni mawingu. Kuanzia Juni hadi Agosti anga inaweza kufunikwa tangu alfajiri, jua likachungulia saa nane mchana, na siku nyingine lisionekane kabisa. Usiku baridi inashuka hadi nyuzi 10 hivi. Sasa, nyasi tunazopanda hapa, za Kikuyu au pasipalamu, ni za kupenda joto na mwanga. Zikikosa vyote viwili hupunguza mwendo. Hazijafa wala haziumwi. Nyasi za Kikuyu hasa ni wenyeji wa nyanda hizi za juu za Afrika Mashariki. Ndizo zilizosafirishwa mpaka Australia na California, na Marekani wameziweka kwenye orodha ya magugu hatari kwa jinsi zinavyotambaa. Mmea wa namna hiyo hauuawi na wiki chache za mawingu.

Kuna wanaonitumia ushauri walioupata wa Florida au Texas, wakiuliza kama wanunue mbegu za raigrasi, nyasi zinazostahimili baridi, wazimwage juu ya nyasi zao. Kule ni sawa. Nyasi za Bermuda zinageuka kahawia kabisa wakati wa baridi, kwa hiyo wanapanda raigrasi juu yake ili uwanja ubaki kijani hadi joto lirudi. Hapa Nairobi nyasi zetu hazilali hivyo. Hifadhi pesa yako.

Kwa maji, wengi wanadanganywa na umande. Majuzi mama mmoja wa Kileleshwa aliniambia, "Fundi, mimi simwagilii tangu Juni, kila asubuhi nakuta kumelowa." Nikachukua panga, nikakata kipande cha nyasi kama kiganja cha mkono, nikakiinua pamoja na udongo wake tukatazama wote wawili. Majani yalikuwa na matone. Kidole kimoja chini, ule udongo mwekundu ulikuwa mkavu, ukimwagika kama unga wa kahawa, na mizizi yote ilikuwa imejikunja juu juu ikitafuta ule unyevu mdogo wa usiku. Manyunyu ya Julai yanalowesha majani, hayafiki chini. Mama akanyamaza kidogo, kisha akaniuliza mpira wa maji uwekwe wapi.

Mwagilia mara moja kwa wiki, lakini maji yazame. Anza mnamo saa nne asubuhi ili majani yakauke kabla ya jioni. Anayemwagilia saa kumi na mbili jioni anaziacha nyasi zimelowa usiku kucha kwenye baridi, na hapo ndipo kuvu inapoingia, unaona mabaka ya rangi ya majani makavu yanapanuka siku baada ya siku. Kwa wale wa mgao wa maji, mara moja kwa wiki inawezekana hata kwa maji ya tangi.

Kukata nako kupungue. Aprili mashine inapita kila wiki. Julai wiki tatu zinaweza kupita bila shida. Mwambie kijana ainue magurudumu, nyasi zibaki na urefu wa vidole vitatu. Jani ndilo linalokusanya mwanga, na mwanga wenyewe ni haba. Ukinyoa hadi chini umezinyang'anya nyasi kile kidogo zilichobakiwa nacho. Kisu nacho kinolewe. Fundi wa jua kali atakumalizia kazi hiyo ukisubiri. Kisu butu kinachana jani badala ya kulikata, na kesho yake bustani nzima ina ncha nyeupe.

Baada ya hapo, tafuta mwanga. Punguza ua la kayaba upande linakozuia jua la mchana, kata matawi ya chini ya mti wa mukima (grevilea) ili mwanga upite. Kama ni kukata mti mzima, ulizia kwanza kibali cha kaunti. Na palipo na kivuli kizito, kwa mfano chini ya parachichi la miaka mingi, mimi huwaambia watu waache kupigana. Pandeni kangaga hapo. Zitapendeza kuliko nyasi zinazopandwa upya kila mwaka na kila mwaka zinakufa.

Kazi ninayoipenda zaidi msimu huu ni ya kutoboa udongo kwa jembe uma, ili hewa na maji vipenye. Unalichoma chini wima, unalitikisa kidogo, unalitoa, unasogea shubiri moja, unachoma tena. Anzia kwenye njia ya mlinzi na pale magari yanapogeuzia, maana hapo ndipo udongo umeshindiliwa. Wa South C na Syokimau wenye udongo mweusi wa mfinyanzi, huu ndio wakati wenu: Aprili unanata kwenye viatu, Februari umepasuka na jembe halipenyi.

Viraka vyote vya kupanda vingoje hadi mvua za Oktoba. Mbolea ya dukani pia ingoje, mvua zishike kwanza. Samadi ya mbuzi kutoka Kajiado inunuliwe mapema, Agosti, ifunikwe kwa turubai, imwagwe mwisho wa Septemba. Muulize mwenye lori ilitolewa bomani lini. Tia mkono ndani ya rundo. Likiwa bado lina joto, au likikuwasha puani, liache wiki nyingine mbili.