Karatasi za zamani za nyanda za Ngorongoro: zisomeke vipi leo

Kwa umbo la milima kama Olmoti, Embakai na Loolmalasin, karatasi za ramani za 1:50,000 (sentimita 1 ni mita 500 ardhini) za mfululizo wa Y742 wa Tanzania bado zinaishinda ramani ya simu, kwa maoni yangu. Zilichorwa kutokana na picha za ndege, nyingi na idara ya upimaji ya Uingereza, DOS. Kila karatasi hubeba dakika 15 kwa 15, takriban kilomita 28 kila upande.

Tatizo kubwa ni gridi, yaani miraba ya namba za mahali. Hapa ni UTM (mfumo wa namba za mita) kanda ya 36 kusini, datamu (msingi wa vipimo) ya Arc 1960, ilhali simu hutumia datamu nyingine, WGS84. Ukiingiza namba za karatasi kama zilivyo, utapelekwa karibu mita 300 kaskazini na mita 90 magharibi mwa mahali penyewe. Kwenye ukingo wa kusini wa Ngorongoro, hizo mita 300 zinakutumbukiza kretani.

Kabla ya kuskani, pima kwa rula: kilomita 10 za gridi ziwe sentimita 20 kamili. Zikiwa 19.8, karatasi imesinyaa, na mara nyingi haisinyai sawa pande zote. Skani kwa dpi 300 (nukta 300 kwa inchi). Nukta moja itakuwa kama mita 4 ardhini. Kwenye QGIS, programu ya ramani, weka alama 9 hadi 12 kwenye makutano ya gridi, zisambae hadi kingoni, kwa EPSG:21036, namba ya gridi ya karatasi hii. Pembe za karatasi ziache, zimeandikwa kwa digrii. Kisha hamishia EPSG:32736, gridi ileile kwa WGS84, ukihakikisha programu imetumia -160, -6, -302, mita za kuhamisha Arc 1960 kwenda WGS84. Isipotumia, ule mkengeuko wa mita 300 unarudi kimyakimya.

Soma pambizo ujue kama kontua (mistari ya mwinuko) ni za futi. Zikiwa za futi 50, ukuta wa kreta wenye kina cha mita 600 utakuwa na mistari kama 40. Chini ya msitu mnene ziamini kontua kwa kiasi. Mpiga picha aliona vilele vya miti, si udongo.

Mstari wa buluu si ahadi ya maji. Majivu ya volkano hunyonya mvua upesi, na makorongo mengi hukauka. Boma za Wamasai nazo ni za siku ile ndege ilipopita, nyingi zimeshahama.

Kilele cha volkano ya Ol Doinyo Lengai kwenye karatasi usikitegemee kabisa: mlipuko wa 2007 na 2008 ulijenga koni mpya na kuacha shimo refu pale palipokuwa pamejaa lava.