Uji wa oti na boga: kausha boga kwanza

Mapishi mengi ya oti na boga yanayozunguka intanetini yametoka Marekani, ambako Septemba hadi Novemba ni msimu wa maboga na baridi ndiyo inaanza kubisha hodi. Wakiyatafsiri huandika "kifungua kinywa cha vuli". Kwa Dar, vuli ni mvua na joto la kunata. Uji huu unafaa kipupwe, Juni hadi Agosti, upepo wa kusi unapovuma na alfajiri mtu anatafuta shuka la pili.

Majira hayaharibu uji. Kinachoharibu ni kopo. Boga la mapishi yale ni la kopo, limeshapikwa na kusagwa likawa zito. Chukua vipimo vyao, weka boga la Kariakoo au Ilala lililotoka kuchemshwa, upate maji ya rangi ya chungwa yenye oti zinazoelea. Halafu lawama anapewa muuza oti.

Kwa hiyo tuanzie kwenye boga lenyewe. Faida ya Dar ni kwamba linauzwa vipande, unaliona tumbo lake kabla ya kutoa hela. Tafuta nyama ya chungwa iliyokolea, mbegu nene zilizojaa, ganda gumu ambalo ukucha hauingii. Kipande chenye nyama ya njano iliyopauka na mbegu bapa kilichumwa kichanga, hakina utamu. Mwambie tu, "Mama, nichagulie lenye unga, la maji sitaki." Anajua tofauti kuliko wewe.

Kilo moja yenye ganda inatosha asubuhi mbili. Toa mbegu (usizitupe), kata vipande vya ukubwa wa kiganja, acha ganda. Vipange sufuriani ganda likiwa chini, mimina maji robo kikombe tu, funika vizuri, moto mdogo, dakika 20 hadi 25. Ganda ndilo linalokaa majini, nyama inaiva kwa mvuke. Chungulia katikati maji yasikauke. Ukilimenya na kulichemsha likiwa limezama, linakunywa maji na utamu unabaki kwenye sufuria.

Kwangua nyama kwa kijiko, iponde kwa mwiko, kisha iache kwenye chujio dakika 10. Baada ya hapo irudishe kwenye sufuria kavu, moto wa wastani, ukoroge dakika 6 hadi 8. Mwanzoni inatoa mvuke mwingi na kurukaruka. Ikishatulia, pitisha mwiko chini ya sufuria: ukiona njia imebaki wazi kidogo kabla ya kujifunga, boga limekauka vya kutosha. Rangi nayo inakolea na harufu inakuwa ya kitu kilichochomwa kwa mbali. Hatua hii ndiyo wengi wanairuka.

Sasa uji wenyewe, wa watu wawili au watatu. Kikombe hapa ni cha mililita 250.

Weka kijiko kimoja cha chakula cha samli au siagi, moto mdogo. Tia nusu kijiko cha chai cha mdalasini wa unga, iliki 3 zilizotwangwa, na kungumanga ya kukwangua, kiasi cha ncha ya kisu. Kungumanga ikizidi inaleta uchungu ambao sukari haiufichi. Koroga sekunde 30, kisha ongeza boga lililokauka, robo tatu ya kikombe. Viungo vinatoa harufu yake kwenye mafuta. Mdalasini ukiumwaga juu ya maji unabaki kuelea kama vumbi. Karafuu tia 2 nzima na uzitoe kabla ya kupakua. Ya unga ina nguvu mno kwa chakula cha asubuhi.

Mimina maji kikombe kimoja na nusu pamoja na kijiko kimoja cha chai cha tangawizi mbichi iliyopondwa, yachemke dakika 3. Hapa wanaotumia maziwa wawe makini. Tangawizi mbichi ina kimeng'enya kinachogandisha maziwa, na moto ndio unaokiua. Ichemshe na maji kwanza, maziwa yafuate.

Ongeza kikombe kimoja cha tui la pili, lile jepesi, au maziwa, kisha oti kikombe kimoja (kama gramu 90) na chumvi robo kijiko cha chai. Chumvi usiidharau, bila yake boga linapooza. Oti ziwe zile bapa nene za kuiva dakika 5 hadi 7. Za kuiva dakika moja zinageuka gundi. (Na ndiyo, wengi huziita shayiri, ingawa shayiri ni nafaka nyingine.) Usifunike, zinafurika haraka kuliko maziwa. Usikoroge mfululizo pia: kadiri unavyokoroga ndivyo utelezi unavyotoka. Mara moja kila dakika, ukikwangua chini, inatosha.

Zima moto uji ukiwa bado mwepesi kidogo kuliko unavyoutaka. Tia robo kikombe cha tui bubu na sukari guru vijiko 2 vya chakula iliyokunwa, funika dakika 3. Tui zito likichemka kwa nguvu linakatika, mafuta yanajitenga juu. Sukari guru nayo ikichemshwa na maziwa huweza kuyakata, ndiyo maana inaingia mwisho. Asali au tende zilizokatwa ni sawa pia.

Zile mbegu: zioshe, ziloweke nusu saa kwenye maji ya chumvi, zianike hadi zikauke, kisha kaanga bila mafuta dakika 8 hivi mpaka zianze kupasuka. Nyunyiza juu ya bakuli wakati wa kula, si kabla, zisije zikalainika.

Oti zihifadhi kwenye chombo kisichopitisha hewa. Zina mafuta kuliko nafaka nyingi, na joto la Dar linazichachusha. Ukisikia harufu ya mafuta makuukuu, hakuna kiungo cha kuziokoa. Boga lililokaushwa hukaa friji siku 3 au 4, au ligandishe kwa vipimo vya robo tatu kikombe.

Uji uliobaki unakaza kama keki. Uvunje kwanza kwa maji ya moto vijiko vitatu vinne ukiwa nje ya jiko, ndipo uuweke motoni. Ukianza na moto, chini unaungua huku juu bado ni bonge.