Nimetengeneza kiwashio cha moto na pembe ya maksai wa Kuka

Kuna kitu nimekuwa nikikifanya tangu Januari na juzi kikaisha, kwa hivyo leo mnivumilie nitaandika mrefu. Ni kijiti cha kuwashia moto, ile fero rodi watu wa kambi hubeba, kile cheusi unakwangua na chuma kinatoa cheche. Mpini wake nimetengeneza mwenyewe na pembe.

Wazo nilitoa kwa video za watu wa Marekani na Kanada. Wao hutumia pembe za kulungu wa huko kwao, zile zenye matawi kama mti. Hizo ni mfupa mtupu, zinaanguka kila mwaka na kuota upya, so mtu anatembea tu msituni anaokota. Sisi huku hatuna mnyama wa aina hiyo. Swala wetu pembe zao haziangushwi, na hata ukipata moja iko chini porini tafadhali usitie kwa begi, kwa sheria ya wanyamapori ya 2013 hiyo ni nyara na bila kibali cha KWS, shirika la wanyamapori la Kenya, uko na kesi. Nilikaa na hiyo shida wiki nzima hadi nikakumbuka ya kwetu Kimilili.

Nyuma ya jikoni ya Kukhu, yaani nyanya yangu, kulikuwa na pembe mbili zimening'inia kwa waya. Ni za Chui, maksai wa Kuka, yaani babu yangu, aliitwa hivyo juu ya madoadoa, na alilima shamba letu na za majirani miaka mingi sana. Kuka alipofariki Chui alichinjwa kwa matanga, pembe zikabaki pale na hakuna mtu alizigusa. Nilipomuomba Kukhu alinyamaza kidogo kisha akasema, "Chukua, lakini usiende kuzitupa huko kwako Nakuru."

Sasa pembe ya ng'ombe si kama ya huyo kulungu. Ya nje ni kitu kile kile cha kucha na nywele, ndani kuna mfupa. Pembe mbichi inabidi uiloweke wiki mbili hivi ama uichemshe ndio huo mfupa utoke, na harufu yake majirani watakuja kukuuliza. Zangu zilikuwa zimekauka vizuri hivyo niligonga kidogo kwa ubao na mfupa ukaponyoka. Ukishafika hapo ingiza waya ndani uone unagota wapi. Kutoka pale hadi kwa ncha ndio sehemu imejaa, na ndiyo unataka. Yangu ilikuwa sentimita 9.

Hapa ndio niliumia. Pembe ya kwanza nilipelekea fundi mmoja mwenye drili ya umeme, alikuwa na kazi nyingi akaitoboa kwa spidi ya chuma, moshi ukatoka, harufu ya nywele zikiungua, halafu nikasikia "tak". Ufa kutoka kwa shimo hadi karibu na ncha. Nilitoka hapo nimeibeba kwa karatasi kama yai. Pembe ni mbili tu na ng'ombe hayuko, Kuka pia hayuko, hakuna duka la kununua ingine.

Ya pili sikumpa mtu. Niliazima drili ya kuzungusha na mkono, biti ya milimita 8, nikaifunga pembe kwa vaisi katikati ya vipande viwili vya kandambili ili isichubuke, na nikatoboa mizunguko kumi, nachovya maji, mizunguko kumi, nachovya maji. Sentimita 3 zilichukua jioni yote. Unga wake ni mweupe na mwepesi sana, vaa maski, usiuvute. Baada ya hapo msasa, namba 120, 240, 400, mpaka 600 na maji, mwisho mafuta ya kupikia kidogo kwa kitambaa. Hapo rangi ndio inatokea, nyeusi kwa ncha inashuka kuwa asali, na ukiishika kwa dirisha mwanga unapita ndani.

Kuna mahali sikupiga msasa. Chui alikuwa anasugua pembe kwa kichuguu kila jioni akitoka shamba, kwa hivyo karibu na ncha upande mmoja ulikuwa umelika ukawa bapa, na kidole gumba kinakaa pale sawasawa. Nikaacha hivyo.

Kijiti chenyewe niliagiza, milimita 8 kwa sentimita 10. Ndani ni seriamu na lanthanamu na chuma na magnesiamu kidogo. Aliyekivumbua ni Mwaustria mmoja, Carl Auer von Welsbach, mwaka 1903, na kile kijiwe cha kiberiti cha gesi pia ni hicho hicho. Kilichonifurahisha kabisa ni kwamba huyo ndiye alivumbua pia kile kitambaa cha ndani ya karabai kinachong'aa, so kwa matanga ya zamani watu walikesha usiku kucha na kazi ya mkono wake bila kujua. Cheche zake zinafika karibu digrii 3,000. Kwaruza upande unaoingia kwa shimo ndio epoksi, ile gundi ya tyubu mbili, ishike, changanya tyubu mbili sawa kwa sawa, acha siku nzima. Kikwangulio nimekata kwa bleti ya zamani ya hekso, ile mgongo, lazima kona iwe kali. Na ukitumia, chuma ikae imara, wewe vuta kijiti kurudi nyuma, ukisukuma chuma mbele utatawanya majani yako yote. Kikilowa kipanguse, unyevu unakila.

Nilienda nacho nyumbani Aprili, mvua ya kweli, kuni zimelowa. Nilichambua maganda makavu ya mgomba mpaka yakawa laini kama nywele nikayaweka kwa mafiga. Kukhu akakichukua kabla sijaanza. Kidole chake kikaenda pale pale kwa bapa, bila kuambiwa. Akasema, "Huyu ni Chui." Akaniambia akiwa msichana walikuwa wanatumwa na kigae kuomba moto kwa jirani, na ukifika kaa limezima unarudi tena, mvua ama jua. Halafu akakwangua. Mara ya kwanza hakuna, ya pili cheche zikaanguka pembeni, ya tatu maganda yakashika na akapuliza polepole na macho amefunga.

Hakukirudisha. Nilimwachia, na sikuona kama kuna kitu cha kujadili hapo. Sasa ile iliyopasuka nimeitoa kwa karatasi, ufa nimeujaza epoksi na nimeifunga na uzi wa viatu, iko kwa dirisha inakauka.