Super 8 Mtwara: kamera kuukuu, chumvi na jua la Mikindani

Kamera mpya za Super 8, zinazopiga sinema kwenye filamu ya milimita 8, zipo, ila hutengenezwa chache na bei inakata maini. Logmar ya Denmark ilitoa 50 tu mwaka 2014. Kodak walitangaza yao 2016, ikaingia sokoni mwishoni mwa 2023 kwa dola 5,495. Mimi nimebaki na kamera kuukuu ya miaka ya 1970, na kazi kubwa imekuwa kuiandaa.

Nilianzia kwenye betri. Hewa ya chumvi huku huotesha kutu ya kijani kwenye vyuma vya betri: siki kidogo kwenye kijiti cha pamba, sugua, futa kwa spiriti, acha ikauke. Mota inatumia AA za kawaida. Tatizo ni kibetri cha kipima mwanga, kile cha zebaki cha volti 1.35 ambacho hakitengenezwi tena. Ukiweka cha 1.5, sindano inapanda kuliko ukweli, lenzi inajibana na picha inatoka giza. Ninaweka namba 675 ya mashine za kusaidia kusikia, volti 1.4, na kipande cha foili kujaza nafasi. Ukishabandua kibandiko chake kinajichosha chenyewe, hata usipokitumia.

Kisha sifongo ya mlango wa katriji, kisanduku cha plastiki chenye filamu. Ikizeeka inakuwa kama sukari guru iliyoyeyuka, na chembe zake huishia kwenye dirisha la filamu. Ng'oa kwa kijiti cha meno chenye spiriti, weka uzi mweusi wa sufu.

Filamu: kwa jua la Mikindani nunua 50D, filamu ya negativu ya mwanga wa jua yenye kasi 50. Kwa fremu 18 kwa sekunde inatua karibu na f/16 (kipimo cha tundu la lenzi: namba ikikua, tundu linabana), na mchangani mweupe f/22. Kamera nyingi za zamani huisoma kama filamu ya kasi 40. Haina neno, negativu hupenda mwanga wa ziada. Ila swichi ya filta iweke kwenye alama ya taa, si ya jua. Ukikosea, filta ya chungwa ya kamera, iliyowekwa kwa ajili ya filamu za taa, inabaki ndani na ngalawa zote zinakuwa rangi ya papai.

200T, filamu ya kasi 200 iliyotengenezwa kwa mwanga wa taa, mchana ni kujitafutia taabu. Hata na filta yake inadai kama f/27, na lenzi nyingi zinakomea f/22. Ukiwa nayo tu, funga ND 0.9 mbele, filta ya kijivu ya kupunguza mwanga, utashuka hadi kama f/9.5, ambapo picha pia ni kali zaidi kuliko tundu likibanwa sana.

Katriji ikitoka kwenye friji isifunguliwe kabla ya kupita muda wa saa mbili. Ikifunguliwa ingali baridi, unyevu wa hewa unatua kwenye filamu. Kabla ya kuipachika, zungusha kidogo kiini chake kuondoa ulegevu, halafu tia nukta ya wino kwenye kipande cha filamu kinachoonekana. Piga sekunde mbili, toa. Nukta imeondoka? Filamu inatembea. Umepoteza fremu chache kati ya 3,600, na kihesabio kimerudi sifuri, kwa hiyo andika mwenyewe ulikofika. Nukta ikibaki palepale, katriji imekwama: igonge polepole kwenye kiganja, jaribu tena.

Iliyokwisha kupigwa irudi kwenye mfuko wake na silika jeli, isilale kwenye gari. Kioo cha mbele mchana huku kinapika.