Yungiyungi hula udongoni, si majini

Maji ya bwawa la bustani yakigeuka kijani na yungiyungi likawa na majani manne ya njano bila ua hata moja, mara nyingi chakula kimewekwa pasipo pake. Samadi imemwagwa bwawani, au beseni limejazwa udongo wa bustani wenye mboji, na rutuba yote imeyeyukia kwenye maji. Hapo anayenenepa ni mwani. Yungiyungi hujilisha kwa mizizi, na mizizi imo ndani ya tope.

Kwa hiyo udongo ndio wa kuhangaikia kwanza. Tafuta ule mzito: ukiufinyanga ukiwa na unyevu unashika umbo, haumeguki. Udongo mweusi wa mbuga, unaopasuka nyufa wakati wa kiangazi na kung'ang'ania viatu wakati wa masika, unafaa sana. Ule mwepesi wa majivu ya volkano unastawisha migomba, lakini ukiuzamisha chembe zake zinaelea na kutawanyika. Samadi na mboji zisiingie kabisa, hata kiganja kimoja. Chini ya maji huoza bila hewa, hutoa harufu ya yai viza, na tunguu, yaani shina nene la yungiyungi lililo udongoni, huoza pamoja nazo.

Chombo kiwe kipana kuliko kina: beseni la plastiki la upana wa sentimita 40 na kina cha 20 hivi, lisilo na matundu. Ndoo haifai, maana mizizi hutambaa zaidi kuliko inavyozama. Jaza udongo, loanisha, shindilia kwa ngumi mpaka mapovu yaishe.

Jinsi ya kupanda inategemea aina uliyonayo. Yale ya nchi za baridi, ambayo mengi ni machotara ya mtindo ulioanzishwa Ufaransa na Latour-Marliac katika karne ya 19, yana tunguu linalotambaa kwa ulalo kama tangawizi. Liegemeze ukingoni mwa beseni, jicho linalochipua likitazama katikati na kuinuka kidogo. Yale ya kitropiki, likiwemo la buluu linaloota lenyewe katika mabwawa na vinamasi vya Tanzania, yana kiazi kinachosimama, nayo hupandwa katikati. Kwa aina zote mbili jicho lisifukiwe. Likifukiwa huoza, na hili ni kosa linaloua mayungiyungi mengi. Juu ya udongo tandaza kokoto zilizooshwa, unene wa sentimita 2, ukiliachia jicho nafasi. Epuka vijiwe vyepesi vyenye matundu, vitaelea.

Shusha beseni polepole, likiwa limeinamishwa kidogo ili hewa itoke. Mwanzoni jicho liwe na sentimita 15 tu za maji juu yake. Lisimamishe juu ya matofali. Majani yakishafika juu na kutandaa, toa tofali moja moja mpaka kina kiwe 30, au 45 kwa aina kubwa.

Bwawa jipya la sementi lina mtego wake: chokaa. Lijaze, liache wiki nzima, mwaga, sugua kuta, kisha rudia mara mbili zaidi kabla ya kupanda. Chemchemi ya kurusha maji iwe mbali, kwa kuwa majani haya hayapendi kulowanishwa kutwa. Mayungiyungi yanataka jua saa sita kwa siku, hivyo chini ya mparachichi usitegemee maua.

Baada ya wiki sita anza kulisha. Chukua kijiko kimoja cha chai cha mbolea ya NPK kwa beseni la lita 15 hadi 20, funga kwenye kipande cha gazeti, zungushia udongo wa mfinyanzi uwe donge, kisha lisukume kwa kidole mpaka nusu ya kina cha beseni, mbali na jicho. Rudia kila baada ya wiki tano au sita. Donge likikaa juu juu, maji yatakuwa kijani ndani ya siku chache na utajua lilikokwenda.

Arusha mjini iko kwenye mwinuko wa mita 1,400 hivi, na Juni na Julai maji hupoa kweli. Aina za kitropiki hupunguza majani na kusimama. Usilishe wala kugawa mmea wakati huo, subiri Septemba. Moshi iko chini zaidi, baridi yake si kali kiasi hicho.

Mche uliotoka kwenye mfereji au bwawa la wazi uogopwe. Geuza kila jani: vidonge vya ute vinavyong'aa upande wa chini ni mayai ya konokono, na baadhi ya konokono hao hubeba kichocho. Kata majani yote ya zamani, osha mizizi, uweke peke yake kwenye beseni wiki mbili, na mwagia maji hayo nchi kavu. Angalia pia kipande cha gugu maji kisijifiche humo. Perege nao wasiwekwe, wanafukua udongo; samaki wadogo wa mapambo wanatosha kula viluwiluwi vya mbu.

Ua linapofunguka siku ya kwanza, chungulia katikati: kuna kikombe cha majimaji angavu, na mara nyingine mdudu mdogo amezama humo. Siku ya pili majimaji yamekauka na chavua inaanza kudondoka. Ikifika ya tatu au ya nne ua linafunga moja kwa moja na bua linajivuta chini. Hapo ingiza mkono, fuata bua mpaka karibu na tope, ulikate. Petali zikiachwa zioze humo, ni samadi ile ile uliyokatazwa mwanzoni.